Nani Aliomba Darasa la Jumanne Lifungwe?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa debe la nati, kipande cha chaki, na stuli yenye miguu mitatu mizima na mmoja wa kubahatisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, viatu vya kuazima kwa dada yangu, na barua ya ajira niliyoikunja mara nne ndani ya mkoba. Stoo kuu ya karakana ya garimoshi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumba za Makongeni, Nairobi, ilikuwa na wanaume thelathini na mmoja na wanawake wawili. Wa pili nilikuwa mimi.

Mkuu wa Stoo alinitazama juu ya miwani yake.

"Unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, bwana."

"Hesabu hizo."

Nikahesabu: mia nne na kumi na mbili. Akaandika namba hiyo mahali nisipoweza kuiona, kisha akasema, "Sasa hesabu tena." Mara ya pili zikawa mia nne na kumi na moja. Jasho likanitoka. Yeye akatabasamu, kwa mara ya kwanza na nadhani ya mwisho mwaka ule.

"Vizuri. Wengi hunirudishia namba ileile bila hata kugusa debe. Wewe umehesabu kweli. Haya, itafute iliyopotea."

Niliikuta imebanwa chini ya ule mguu wa kubahatisha.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya karani wa stoo, ninyi mnaodhani stoo ni chumba cha kutupia vitu vilivyokosa pa kukaa. Kila rafu ilikuwa na kadi yake, na kila kilichoingia au kutoka kiliandikwa kwenye kadi siku hiyohiyo, si kesho. Mwisho wa mwaka tulihesabu mali yote, na kila kitu kilihesabiwa na watu wawili. Wa pili hakuruhusiwa kuona namba ya wa kwanza. Namba zikikubaliana, mnaenda kunywa chai. Zisipokubaliana, chai inapoa.

Na kulikuwa na hati ya kupokea mali, karatasi tunayoitia sahihi mzigo unapofika. Mwezi wangu wa nne niliitia sahihi huku kreti likiwa bado limepigiliwa misumari, kwa sababu dereva aliyelileta alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na adabu. Tulipolifungua, nusu ya vilivyomo ilikuwa maranda ya mbao. Mkuu wa Stoo hakupaza sauti. Aliniwekea hati mbele yangu.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Inasema umeona. Uliona nini?"

Nikahamishiwa chumba cha matambara ya kufutia grisi kwa miezi sita, nikahesabu matambara. Tangu siku ile sijatia sahihi karatasi ambayo sijaisoma hadi mwisho, hata ya harusi yangu, na kasisi alisubiri.

Kutoka hapo nilipelekwa stoo ndogo ya Voi, chini ya Msaidizi wa Mkuu wa Stoo, mtu aliyelala mchana na kuamka akijua idadi ya misumari. Kisha Nakuru, chini ya Afisa Ununuzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, ambaye ndiye aliyenifundisha kupatana bei. Wachuuzi wa mafagio walimwogopa kuliko polisi. Siku moja nilimsikia akidai mafagio yaletwe yamepakwa rangi ya buluu kwenye mpini. Walipoondoka nikamuuliza buluu ya nini.

"Ya kazi gani?" akacheka. "Omba kitu usichokihitaji, binti yangu, ili uwe na cha kuachilia. Ukianza na kile unachokitaka, utatoka na nusu yake."

Nilirudi Nairobi nikiwa Mkuu wa Stoo mwenyewe, mwanamke wa kwanza katika kiti kile, na nilistaafu nikiwa na vifungo vyote vya koti. Hapo mtu angedhani hadithi imekwisha. Lakini sikuchukua kalamu niwasimulie nati. Nimeichukua kwa sababu nimekasirika.

Nyuma ya soko dogo la Buruburu kuna kituo cha wazee kujifunza. Ni ukumbi mmoja, vyumba viwili na choo kinachofungwa kwa kamba. Huko nimejitolea miaka sita. Kila Jumanne, saa nne hadi saa sita, nafundisha kusoma na kuandika. Wanafunzi wangu ni kumi na mmoja, wote wamepita miaka sitini na mitano. Si watu wa kuonewa huruma. Wamesomesha watoto, wamejenga, wamezika. Kusoma tu ndiko kulikowapita.

Mama Wanjiru anatoka mtaa wa Fedha, anakoishi na binti yake, na anabadilisha gari mara mbili ili afike. Aliuza mboga miaka arobaini na alijua kila mteja wake kwa uso. Alikuja darasani baada ya kumeza dawa za jioni asubuhi na za asubuhi jioni, wiki nzima, kwa kuwa boksi zote mbili ni nyeupe na maandishi ya kijani. "Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "sitaki kusoma magazeti. Nataka kusoma boksi. Binti yangu hushinda kazini, na mimi sitaki kufa nikingoja arudi anisomee." Mzee Musyoka naye ni mchonga vinyago aliyezeeka na tindo mkononi. Anashika penseli vilevile anavyoishika tindo, na herufi zake hupenya kurasa tatu. Daftari lake ukilipapasa kwa kidole unalisoma gizani.

Mwaka huu tukaletewa Mratibu mpya, msichana wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, mwenye tableti na sauti ya mwalimu wa chekechea. Simchukii. Hata mafunzo ya simu aliyoyaanzisha ni mazuri, na nesi mstaafu anayetupima presha bure ni yeye aliyemtafuta. Lakini Jumatatu moja alibandika ubaoni ratiba ya shughuli za muhula ujao, nami nikaisoma mara mbili. Kutunga shanga. Kupaka rangi picha za wanyama. Mazoezi ya kupiga makofi tukiwa tumeketi. Jumanne saa nne: kutunga shanga tena. Kusoma na kuandika hakukuwapo juu, chini, wala nyuma ya karatasi, maana nilifunua.

Nikaingia ofisini mwake.

"Sasa, shosho yangu!" akasema, yaani bibi yake, kama anavyomwita kila mwenye mvi.

"Salama. Darasa la Jumanne limeenda wapi?"

"Aa, shosho, tumewapunguzia stress. Kusoma kunachosha macho. Hawa wazee wetu wanahitaji kitu cha kuwachangamsha."

"Mzee Musyoka amechonga tembo tangu kabla mama yako hajazaliwa. Unataka apake rangi tembo wa karatasi?"

Akacheka kwa upole, kama unavyomchekea mtoto aliyejipaka uji. Kisha akaniambia la pili: kwa utaratibu mpya, aliyepita miaka sabini hawezi kuandikwa kama mtu wa kujitolea. Ni mnufaika. Nina miaka sabini na mitatu. Miaka sita nimefuta ule ubao kwa kanga yangu, na kumbe nilikuwa ninanufaika.

Nilitoka pale. Ningeweza kwenda nyumbani, nina nyumba. Nina televisheni inayosema peke yake siku nzima. Ila Mama Wanjiru alikuwa amefika kwenye neno "asubuhi". Neno "jioni" tulikuwa bado.

Jumanne ile, ambayo ilikusudiwa kuwa ya mwisho, Mratibu alikuja darasani katikati ya somo. Mkono mmoja alibeba fomu, wa pili alibeba kikebe bapa cha wino wa kidole gumba. Nataka mkione vizuri kile kikebe. Kwenye darasa la kuandika, mbele ya watu wanaojua kuandika majina yao, alileta wino wa kidole. Alikiweka mezani, akakifungua, akakisogeza mbele ya Mama Wanjiru.

"Ni kitu kidogo tu, shosho. Mnaweka kidole hapa, tunamaliza mambo ya ratiba mpya."

Mama Wanjiru hakukigusa kikebe. Alivaa miwani, akaivuta fomu. Nami nikanyamaza. Ilikuwa vigumu kunyamaza kuliko mambo mengi niliyowahi kufanya, lakini kama ningeisoma mimi, ingekuwa bado ni mimi ninayesoma.

"Si-si... sisi," akaanza, kidole kikitembea chini ya mstari. "Sisi wa-na-fu-nzi. Sisi wanafunzi." Akasogeza kidole. "Tu-me-o-mba." Akasimama hapo. Akairudia, upesi zaidi. "Tumeomba. Sisi wanafunzi tumeomba. Ngoja kwanza. Tumeomba nini?"

Ilimchukua muda mrefu, na Mratibu alijaribu mara mbili kumsaidia, na mara mbili aliinuliwa kiganja. Mwishowe Mama Wanjiru aliufikia mwisho wa mstari: sisi wanafunzi tumeomba kwa hiari yetu darasa hili lifungwe.

Akavua miwani. "Nani aliomba?"

"Shosho, hiyo ni lugha ya fomu tu..."

"Shosho yako yuko kwenu. Mimi hapa ni mwanafunzi. Nimeuliza nani aliomba."

"Si mimi," akasema mmoja nyuma. "Wala mimi." "Mimi niliomba chaki tu," akasema mwingine, na watu wakacheka, lakini si kicheko cha kumpumzisha mtu.

Mzee Musyoka akanyoosha mkono, akaomba fomu. Hakuisoma. Alikuwa ameshaisikia. Akaiegemea meza, akashika penseli yake kama tindo, akaandika kwa herufi kubwa, polepole, huku mbao za meza zikilia: HAPANA. Alikuwa ameiweka juu ya rundo la zile fomu nyingine. Akainua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na HAPANA ilikuwa imejichora kote.

"Chukua, mama," akamwambia Mratibu kwa adabu zote. "Na nakala zako."

Mratibu alifunga kikebe chake. Uso ulikuwa umemwiva, na nitasema ukweli, nilimhurumia kidogo. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya watu wazima, mara ya kwanza tangu tujuane, "Mnataka nini?"

Basi, hapo sasa alikuwa amefika sokoni kwangu.

Nikamwambia twende ofisini. Nikadai Jumanne na Alhamisi, masaa matatu kila siku, ubao mpya, na ufunguo wa ukumbi ukae kwangu. Akashtuka kwa ufunguo. Nikaona ameshtuka, nikaukazania ule ufunguo. Akaniambia Ijumaa, nusu saa, baada ya shanga. Nikaanza kukusanya mkoba wangu. Akasema saa nzima. Nikafunga zipu. Akasema Jumanne, saa nzima. Nikauliza ufunguo je. Akasema ufunguo haiwezekani, kuna bima, kuna sijui nini. Nikahuzunika sana juu ya ufunguo. Mwishowe nikamwachia ufunguo, nikamwachia na Alhamisi, nikatoka na Jumanne saa nne hadi saa sita, kama ilivyokuwa, pamoja na ubao mpya ambao hata sikutegemea kuupata. Shanga zikabaki za Ijumaa tu, na wanaozipenda waende, sina neno.

Lilibaki moja. Akaandika jina langu kwenye tableti, akaweka mwaka wangu wa kuzaliwa, na tableti ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa kwa wekundu.

"Si mimi," akasema. "Ni mfumo. Mtu wa kujitolea mwisho sabini. Lakini usipoandikwa popote, huruhusiwi kuwa ukumbini."

"Kwa hiyo?"

"Naweza kukuandika kama... mwanafunzi. Kwenye karatasi tu."

Nilipatana na wachuuzi wa mafagio, madereva wa lori, na Msaidizi wa Mkuu wa Stoo aliyelala mchana. Na mfumo je? Utaupunguzisha bei kwa kuunyamazia? Nikakubali, kwa sababu neno "jioni" lilikuwa linangoja.

Ninyi mnaonisoma mkiwa bado kazini, siku yenu iko njiani. Mtaagwa kwa keki, mtaitwa hazina ya taifa, na Jumatatu yake mtu atawapa penseli za rangi. Sijui nitawashauri nini. Mimi miaka yote niliamini kwamba mkono unaojua kazi unatambulika popote. Kumbe unatambulika hadi siku fulani ya kuzaliwa, kisha unapewa shanga.

Muhula umeanza. Mama Wanjiru amesoma boksi zote mbili, hii na ile, mbele ya darasa, na binti yake hajui bado, maana mama anataka kumshtua. Ratiba imebandikwa: Jumanne, kusoma na kuandika, wanafunzi kumi na wawili, mwalimu atatangazwa. Nimehesabu viti mara mbili, wanafunzi ni kumi na mmoja.

Wiki iliyopita Mratibu alinisimamisha mlangoni na tableti yake. "Mama," siku hizi ananiita mama, "rejista yako ina shida. Mwanafunzi namba kumi na mbili amekosa masomo yote tangu tufungue. Utoro ukizidi, mfumo utamtoa."

"Najua," nikamwambia. "Rejista naiandika mimi."

Na ninaiandika sawasawa, kwa wino, siku hiyohiyo. Kila Jumanne, mbele ya jina la kumi na mbili, ambalo ni langu, naweka: Hayupo. Yuko kazini.