Ila za Nyumba ya Mama

Dalali aliniambia nyumba yetu haitauzika, na aliniambia akiwa amekaa ndani yake, anakunywa kahawa ya mama yangu. Nilitamani kumnyang'anya kikombe. Alinyoosha kidole huku na huku: kuta zina chumvi, ngazi zimesimama wima, gari halifiki mlangoni, choo cha juu kinavujia chumba cha chini. Kila alichosema kilikuwa kweli, na ndiyo maana kiliniudhi.

Mimi nilikuwa na haraka yangu. Mama alikuwa ameanguka kwenye zile ngazi, kifundo cha mguu kikateguka, na tangu siku hiyo sikuwa na raha. Ninafanya kazi Shimanzi, katika ofisi ya malori, na simu ikilia nashtuka kabla sijatazama ni nani. Ninakaa Ganjoni. Karibu na kwangu kulikuwa na nyumba ya chini, haina hata kidato kimoja cha ngazi, na nilishajiona nikimpelekea mama chai asubuhi. Kilichobaki ni kuuza hii ya Mji wa Kale. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Haya, mwanangu," na hilo likanitosha.

Nikaanza na kuta. Wazee walizijenga kwa mawe ya matumbawe, na kila mtu wa huku ajua kwamba kuta hizo hupakwa chokaa. Lakini chokaa hutaka subira, nami sikuwa nayo. Nikamleta fundi akapiga plasta ya simenti na rangi nyeupe juu yake. Ikapendeza kwa muda. Kisha ukuta ukaanza kutoka jasho, rangi ikafura malengelenge, ikabanduka vipande vipande. Ikabidi simenti yote ibomolewe, na safari hii nikanyamaza mpaka chokaa ikauke kwa wakati wake.

Wanunuzi wakaja. Mmoja, bwana kutoka bara aliyefanya kazi bandarini, aliuliza gari lake litalala wapi. Mwingine alitaka kubomoa ajenge ghorofa, akaambiwa nyumba za huku haziguswi bila ruhusa, akaenda zake. Wa tatu aliipenda. Tumesimama naye chumba cha juu, mara mlango wa ubavuni ukafunguka, akatokea mama mdogo na sahani ya mahamri.

"Nipisheni jamani, yatapoa."

Mlango ule ni wa wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba yetu na ya pili. Babu aliwajengea binti zake wawili, mama na mdogo wake, watembeleane bila ya kushuka njiani. Mama mdogo hupita humo kila siku, wala hapigi hodi.

"Na huyu naye anauzwa pamoja na nyumba?" mnunuzi akaniuliza. Hakurudi.

Lakini aliyewafukuza watu hasa alikuwa mama. Kila mgeni alimiminiwa kahawa, na kabla hajamaliza kikombe mama alishamtajia ila zote za nyumba. Hapo hupenya maji wakati wa masika. Boriti ile ina mchwa. Na panya, sikufichi. Nilimkonyeza, nikakohoa, wapi!

"Mama, wataka kuniua?"

"Kuuza kitu na kuficha ila yake ni haramu. Wataka nende nayo kaburini?"

Nilishuka nikaenda kusimama njiani nipumue.

Mwishowe akaja mtu aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo, akaishi Uarabuni, akarudi. Huyu chumvi aliijua, mchwa aliwajua. Gari hakuwa na haja nalo. Wikio, alisema kwa adabu, angeliziba kwa ukuta. Mama alisikiliza huku akimwongeza kahawa. Mimi nilishaanza kuwaza nitapanga wapi makabati ya mama.

"Imebaki ila moja," mama akasema.

"Sema, mama yangu. Nishazisikia nyingi."

"Mwenyewe hataki kuiuza."

Yule bwana akaweka kikombe chini. Akanitazama mimi, akamtazama mama. "Basi hapana ridhaa, hapana bei," akasema, akatuomba radhi, akaenda kuvaa viatu vyake. Sikumlaumu. Hata mimi nisingenunua.

Alipotoka nikampandishia mama sauti, jambo ambalo sijazoea. "Si ungesema tangu mwanzo!"

"Hukuniuliza. Waniuliza magoti, waniuliza dawa. Kuuza hukuniuliza."

"Utaanguka tena!"

"Jiko liko juu. Choo kiko juu. Ndugu yangu yuko juu. Huko chini nashukia nini? Siku ile nilianguka nikishuka kukufungulia wewe."

Nikakaa kitako. Siku ile nilikuwa nje nikibisha, lakini kosa zima nililitupia ngazi. Mlango wetu hufungwa kwa komeo la ndani tangu enzi za babu, na anayebisha lazima ashukiwe. Mimi nimebisha mlango ule maisha yangu yote, na hubisha kwa papara kwa sababu kazi inaningoja. Nilimwonea mama huruma, nikajionea hasira, nisijue nianze na lipi.

Fundi ametia kitasa mahali pa komeo. Nina ufunguo wangu, na wageni wengine huteremshiwa wa mama kutoka dirishani, ndani ya kikapu chenye kamba. Nikipanda huwakuta wawili wao wikioni, wanateta, hata hawanisikii. Simu ikilia Shimanzi bado nashtuka.

Juzi ilikuwa ya dalali. Amepata mtu mwingine, ataka kujua nyumba ile ina tatizo gani hasa, kuta au ngazi.

"Kuta ni nzima," nikamwambia. "Ina mwenyewe."