Olraiti ya Baba

Juzi pale mpakani Kavimvira, mbadilishaji pesa mmoja alinikabidhi noti zangu akasema, "Olraiti, patroni," kama wanavyomwita kila tajiri. Nikageuka haraka kutazama nyuma. Mimi niliyeacha shule mwaka wa pili na leo nina nyavu tatu, neno hilo olraiti bado linanishtua.

Baba alilileta kijijini kwetu, ng'ambo ya ziwa, kutoka bandari ya Kigoma, alikolisikia kwa Waingereza. Wakati wa uasi, nikiwa bado mdogo, mpiganaji mmoja wa waasi aliyenuka bangi alimsikia baba akilisema ufukoni, akamshika shati.

"Weye uko mpelelezi wa wazungu! Ile neno ni ya nini?"

Nikamjibu mimi, mtoto mjuaji: "Baba akishiba, olraiti. Mama akikasirika, olraiti. Mbuzi akizaa, olraiti!" Nilidhani atanisifu.

"Neno moja, kazi zote hizo? Iyo iko ya siri." Akamfunga baba mikono.

Ndipo wavutaji wa wavu waliojifunza neno hilo kwa baba, wanaume kumi wenye kamba mbichi mabegani, wakaita pamoja, "Olraiti!" wakavuta.

"Utatufunga siye wote?" mmoja akauliza. "Na ndagala atavuta nani, weye?"

Mpiganaji aliwatazama wale samaki wadogo wakirukaruka mchangani, akameza mate, akamfungua baba.

Baba hakulisema tena. Nami leo, nikitaka watu wangu wavute, nainua mkono tu.