Kaka Yangu Hakuvaa Rangi ya Machungwa

Nilimwona kaka yangu kabla sijashuka garini. Alikuwa juu ya geti la kiwanja cha mpira cha Hail, kwenye bango kubwa kuliko mlango wa nyumba, amejirusha upande wa kushoto, mpira umo mikononi na miguu haijagusa chini. Picha hiyo naijua. Marehemu mama aliiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vizuri, picha nyeusi na nyeupe ya enzi ambazo mtu mmoja tu mtaani alikuwa na kamera. Sasa walikuwa wameikuza na kuitia rangi. Mchanga umekuwa wa rangi ya mchanga, mbingu imekuwa buluu, na jezi ya kaka yangu imekuwa ya machungwa.

Nikamwambia mwanangu asimamishe gari.

"Mama, pa kuegesha pako mbele."

"Simamisha hapa hapa."

Sikutoka Mabela na joto lile kuja kumtazama kaka yangu amevishwa nguo ya adui. Najua wapo watakaosema rangi ni rangi tu, na mwenyewe ameshakufa. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini mimi nitasema, kwa sababu tunaojua tumebaki wachache, na wengi katika hao wachache ni watu wapole. Mimi si mpole.

Hail niliyokulia mimi, huku Omani, ilikuwa nyumba chache na mchanga mwingi. Baba alipata kazi katika wizara moja huko Maskati, akiondoka alfajiri na kurudi mchana amelowa jasho, na sisi tukabaki na mtaa. Majirani wengi walikuwa kama sisi, watu waliorudi kutoka Afrika na Kiswahili chao mdomoni. Lakini tulikuwa wa aina mbili. Sisi tulitoka Unguja. Wao walitoka bara, Tabora na Kigoma na huko mbele zaidi. Waarabu wenzetu ambao hawakuwahi kwenda popote walituita sote Zinjibari, yaani Wazanzibari, wakamaliza. Mtu kazaliwa Tabora, bahari kaiona mara ya kwanza siku ya safari, naye Zinjibari! Wao walichukia, na walikuwa na haki. Sisi tulichukia pia, maana tuliona jina letu linagawiwa bure.

Kwa hiyo zikawa timu mbili, yetu na yao. Kiwanja kilikuwa kimoja, kwa sababu ardhi nyengine yote ilikuwa mawe au mitende ya watu. Jezi zetu zilikuwa za zambarau. Siku baba zetu walipokwenda Matrah sokoni, kitambaa kilichotosha timu nzima kilikuwa hicho tu, na vijana nusura walie. Wao walivaa rangi ya machungwa, na walipotuona mara ya kwanza walituuliza kama tunakwenda harusini. Baada ya kufungwa mara mbili tatu waliacha kuuliza, na sisi zambarau tukaipenda mpaka mama akashona mapazia ya rangi hiyo.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulikaa, ila zizi lenyewe tuligawana kwa ubishi. Goli la upande wa bahari tulilijenga sisi, kwa mabomba ya maji. Goli la upande wa barabara walilijenga wao, kwa mbao. Kila timu ilikuwa na siku zake za mazoezi, na kila timu ilitundika wavu kwenye goli lake tu, ikimaliza inauvua na kwenda nao nyumbani. Wavu wetu ulilala chini ya kitanda cha kaka yangu, ukinuka chumvi. Mistari wakiichora wao kwa chokaa, siku yetu tunaifuta na kuchora ya kwetu, mistari ile ile, mahali pale pale.

Kazi ilikuwa siku ya kucheza sisi kwa wao. Kila mechi ina mwenyeji na mgeni. Pale mwenyeji nani? Kwa watu wetu mwenyeji ndiye anayetoa kahawa na mgeni ndiye anayeipokea, hilo halina mjadala. Basi mama anakuja na dele lake la kahawa, tende na halua, anatandika mkeka upande wa bahari. Mama wa nahodha wao anakuja na dele lake, anatandika upande wa barabara. Kila mmoja anampelekea mwenzake kikombe, "Karibu, bibiye, karibu sana," na kila mmoja anakataa kwa adabu zote, kwa sababu atakayekunywa amekubali kuwa mgeni. Kahawa ikipoa inamwagwa mchangani. Mgeni wa kweli alikuwa refa peke yake, mwalimu wa hesabu kutoka Sudani, naye ilimbidi anywe pande zote mbili, kikombe kwa kikombe, asije akaambiwa anapendelea. Kipindi cha pili alikuwa akikimbia kuwashinda wachezaji.

Mtu akiyasikia haya leo anacheka, nami nacheka. Lakini hayakuwa mchezo. Tulikuja nchi hii na masanduku mawili matatu, na kila tuliyekutana naye alikuwa tayari kutwambia sisi ni akina nani. Pale kiwanjani tulijisemea wenyewe.

Kaka yangu alikuwa golikipa wetu. Hakuwa mrefu, na viganja vyake vilikuwa vidogo. Alichokuwa nacho ni ukaidi. Kipindi cha pili, timu zikibadilishana pande na yeye akalazimika kulinda goli la mbao la wale, hakutundika taulo lake kwenye mwamba wao hata siku moja. Aliliweka chini mchangani, kisha akajifuta uso kwa taulo lililojaa mchanga.

Siku ya picha ile tulikuwa tunaongoza kwa bao moja. Mechi inakaribia kumalizika, refa, na kahawa zote zile tumboni, akawapa penalti. Nahodha wao akauweka mpira. Alikuwa hajapata kukosa, na watu wake walikwisha kuanza kushangilia. Akapiga kwa nguvu, kushoto. Kaka yangu akaruka, wala hakuupangua mpira, aliudaka kwa mikono miwili na akaanguka nao kifuani. Mama alisimama na dele mkononi, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Kaka alikuja kuwa mtu mzima kama watu wote. Akaajiriwa, akaoa, akanenepa, akaugua moyo. Siku zake za mwisho hospitalini alisahau mengi, mpaka majina ya wanawe aliyachanganya. Lakini ukimtajia nahodha yule, anainua mikono yote miwili juu ya shuka. Tulimzika Hail. Nahodha alikuja mazikoni, akalibeba jeneza pamoja na wengine, akaondoka bila ya kukaa.

Timu ziliunganishwa baadaye, na mimi sikupinga. Vijana walipungua. Wengi tumehamia Mabela kwenye nyumba mpya, watoto wanazungumza Kiarabu hadi na bibi zao, na nani atawagawa tena hao kwa Unguja na bara? Kiwanja kikapata nyasi za bandia, taa na ukuta. Timu mpya ikachukua rangi ya machungwa kwa sababu, walisema, inapendeza kwenye picha za simu. Nikanyamaza. Walio hai wavae watakacho. Kilichonitoa roho siku ile ya ufunguzi wa kiwanja kipya ni kuona kwamba kuwaunganisha walio hai hakukuwatosha, wamekwenda kuwaunganisha na wafu.

Pale getini alikuwapo kijana wa kamati, ndevu zimechongwa, kofia mpya, ananukia udi.

"Ahlan, Bibi! Karibu. Tumekuwekea kiti mbele kabisa, pamoja na wageni."

"Mgeni nani? Mimi?" Nikamwonesha bango. "Nani kamtia rangi hii ndugu yangu?"

"Mimi mwenyewe, Bibi, kwa simu. Imetoka nzuri, sio?"

Alikuwa anasubiri nimsifu. Sikumsifu.

"Jezi yake ilikuwa zambarau."

"Lakini Bibi, rangi ya timu ndiyo hii."

"Hakucheza timu hii. Alicheza timu nyengine. Alicheza *dhidi* ya hii."

Akanitazama, akalitazama bango, na nikaona kwamba hakuwa na ubaya wowote. Hakuwa anajua kitu, basi, na wala hakuona kwa nini ajue.

"Zamani si nyote mkicheza hapa hapa?" akasema. "Na nyote si Zinjibari?"

Damu ikanipanda kichwani. Nilimwambia maneno ambayo mtu wa umri wangu hasemi mbele ya watu, na sijutii hata moja. Nilimwambia kaka yangu alikula mchanga wa kiwanja hiki kabla baba yake yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Nilimwambia kama wanataka golikipa wao wakamtafute katika picha zao, wanao wengi, na wote walifungwa. Mwanangu akanishika mkono.

"Mama, watu wanatazama."

"Na watazame! Ndiyo walichokuja kufanya."

Ndipo alipotokea nahodha yule wa bara. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini kifua bado anakitanguliza vile vile. Nikasema moyoni, huyu leo kapata dawa bila ya kwenda kwa daktari. Kaka yangu akiwa mchezaji wao, penalti imefutika. Nilikuwa tayari kwa kicheko chake, na jibu nimeshaliweka mdomoni.

Akasimama chini ya bango akainua uso.

"Nani kamfanyia hivi?"

"Wajukuu zako hawa," nikamwambia. "Wamekupa golikipa uzeeni."

"Simtaki," akasema, kwa sauti iliyowageuza watu waliokuwa wakiingia. Akamwelekea kijana. "Huyu alikuwa adui yetu. Adui wa haki kabisa."

"Babu, Mungu amrehemu, sote ndugu."

"Ndugu, ndiyo. Nimembeba begani mpaka kaburini. Timu moja, hapana. Maisha yangu yote katika nchi hii ninaitwa Mzanzibari, na Zanzibar sijawahi kutia mguu. Nimechoka kubishana, nimewaachia. Sasa na mpira wangu mnataka kuuchukua? Mimi nilikosa penalti. Wenzangu wananitania mpaka leo msikitini. Ni yangu, nimeikosa mimi, na amenidakia huyu. Kama huyu alikuwa wetu, ile penalti nilimpigia nani?"

Kijana akatazama simu yake, kama kwamba jibu lingekuwamo humo. Mimi nilikuwa na jibu langu la hasira mdomoni na sasa sikuwa na pa kulitia. Mtu ambaye tulimwagiana naye kahawa miaka yote ile ndiye pekee, katika umati ule, aliyejua nini kimeibwa.

Kisha kijana akasema muda umekwisha, timu zinavaa, rangi haiwezi kubadilishwa leo, inshallah mwaka ujao.

"Inshallah yako naijua," nikamwambia.

"Basi Bibi, ama abaki hivi hivi, ama tumteremshe. Mimi sina la tatu."

Alisema hivyo akijua nitalegea, na kweli nililegea. Wajukuu wa kaka walikuwa njiani. Ni wadogo, hawakumdiriki akiwa hai, na walikuwa wameahidiwa kumwona babu yao juu ya geti, ulimwengu mzima ukipita chini yake. Na ndani ya kiwanja kile hakijabaki kitu chengine cha kwetu. Goli la mabomba waling'oa wakatupa. Jezi zimeliwa na nondo. Nikimteremsha yeye, hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwapo timu ya zambarau. Nikimwacha, atakuwapo, miaka na miaka, na kila atakayemtazama atamjua kwa uwongo.

Nikawaza mikono ile miwili juu ya shuka.

"Mteremsheni."

Hakuna aliyesogea. Nahodha akanipa fimbo yake nimshikie, akaanza kufungua vifundo vya chini mwenyewe. Hapo mwanangu akaona haya, akapanda ukutani kufungua vya juu. Vijana walitoa simu wakatupiga picha. Bango liliposhuka tulilikunja mimi na nahodha, kila mtu kashika ncha zake, kama watu wanavyokunja shuka, tukamweka kaka kiti cha nyuma cha gari. Nahodha aliingia kiwanjani kukaa na watu wake. Mimi nilikwenda kuwangoja wajukuu nje, barabarani, nikawatia garini mwetu, nikawarudisha.

Walilia njia nzima mpaka Mabela. Mkubwa wao akaniuliza kwa nini babu hayupo, na nikamjibu kwamba yupo, yuko hapo kando yenu. Hakuridhika. Nami sikuridhika. Hasira nilikuwa nayo usiku ule, na ninayo sasa ninapoandika, na wala siombi inipungue.

Ndugu na jamaa walinipigia simu kunipongeza. Walisema nimeshinda. Nimeshinda nini? Alicheza mpira ujana wake wote, na hakuna refa aliyepata kumtoa kaka yangu kiwanjani. Nimemtoa mimi.