Kona Iliyokunjwa

Kwa miaka ishirini Mama Masjala alibeba fomu za likizo kutoka meza hadi meza, na ile isiyoweza kusubiri aliikunja kona. Mkurugenzi akiiona, aliisaini kwanza. Mimi ndiye niliyezihamishia fomu hizo kwenye mtandao. Jana ombi la dereva, ambaye mkewe anapasuliwa leo, lilikuwa la arobaini kwenye foleni ya mkurugenzi.

“Haya msomi, huu mfumo wako unakunjwa wapi?” Mama Masjala aliniuliza.

Akalichapisha ombi, akalikunja kona, akapanda ngazi. Aliporudi, wino wa saini ulikuwa haujakauka.

Dereva ameshaondoka. Mimi tangu asubuhi nahangaika kuutafutia mfumo kona, nisijue kama naitafuta kwa ajili ya wenye dharura au kwa aibu yangu.