Kura Ambayo Bruno Aliikataa

Bruno alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapakizi pale bandarini Kalundu, na ukapita wenyewe alipewa kwa kura. Ndiyo ilikuwa desturi ya kundi lake. Nani abebe saruji, nani apumzike, mgonjwa asaidiwe namna gani, yote waliamua kwa kunyoosha mikono kando ya ghala. Wafuliiru, Wabembe, Warundi wa bondeni, kila mmoja na mkono wake. Bruno alijivunia jambo hilo kuliko nguvu za mgongo wake.

Asubuhi moja, wakisubiri boti ya mawese kutoka Baraka, Étienne alisimama. Alikuwa mpakizi hodari, mcheshi, na watu walimpenda. Tangu vita vipite kwao, mdogo wake hakujulikana alipo, na lawama aliwatupia Warundi.

"Tupige kura," akasema. "Ndayiragije atoke. Hatutaki Mrundi katika kundi letu."

Ndayiragije, mzaliwa wa Runingu, humo humo bondeni, alikuwa amekaa pale pale anakula muhogo. Akaacha kutafuna.

Bruno akatazama nyuso. Wengine waliinamisha macho. Wengine mikono ilikwisha kuanza kupanda.

"Shusheni mikono. Kura hiyo haipigwi."

"Weye si ndiye unasema kila kitu ni kura?" Étienne akauliza. "Leo unaogopa tukushinde?"

"Naogopa, ndiyo. Leo mutamutoa yeye, kesho mutamutoa nani? Tunapiga kura juu ya kazi. Juu ya kabila ya muntu, hapana."

"Basi weye ni mfalme, si kapita."

Hilo lilimchoma. Alisema tu kwamba Étienne anaweza kubaki na kumchukia yeyote amtakaye, ila asiyetaka kubeba na Ndayiragije atafute kundi jingine. Étienne akavaa shati lake akaondoka, na karibu nusu ya wenzake wakamfuata.

Siku ile mapipa yaliwaelemea waliobaki. Walipokuwa wananawa ziwani, Bruno alimsogelea Ndayiragije, akitarajia labda shukrani.

"Kaka, ungewaacha wapige," Ndayiragije akasema.

"Wangekutoa."

"Pengine. Lakini ningejua ni nani na nani. Sasa kila mmoja akinitwisha gunia, nitajiuliza kama mkono wake ulikuwa unapanda."

Bruno alikuwa ameiona mikono ile, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya watu waliobaki. Hakuwataja. Alijimwagia maji usoni, akarudi ghalani.

Kundi la Étienne lipo hadi leo, upande wa pili wa gati. La Bruno lilichukua muda kupata watu wapya. Mmoja wao, Modeste, hawapendi Warundi wala hafichi. Bruno humwacha aseme, maana hajawahi kudai mtu atoke. Mzigo ukiwa mzito, Modeste hushika upande mmoja na Ndayiragije upande mwingine, wakaupandisha kwenye lori, kisha kila mmoja akaenda kunywa maji peke yake.