Nilisema Ni Mkutanoni, Kumbe Ni Kaburini

Kosa ni langu. Hakuna aliyenituma wala aliyeninunulia hata soda. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, lakini leo kinachonichelewesha ni aibu.

Nakaa mjini, Mwembesongo, kwa shangazi. Anauza ndizi zinazoshuka kutoka kwetu Matombo, kando ya barabara pamoja na akina mama wengine. Mimi ndiye mbeba mikungu. Mimi ni mtu mkimya. Hata nikiongea, watu huendelea na maongezi yao.

Wakati wa uchaguzi, mzee mmoja Mnyamwezi aligombea udiwani wa kata yetu. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani, basi tulimwita Mtani. Nilikwenda kwenye mkutano wake. Alisema wauza ndizi wasiguswe mpaka wajengewe banda lenye paa na choo, na mtaro uzibuliwe kabla ya masika.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na msiba Mkuyuni. Shangazi alinituma nimwakilishe, nikaungana na vijana kuchimba kaburi. Mtani naye alikuja kufanya kazi ya watani, kuwachekesha wafiwa. Akaingia kaburini, akakaa, akakataa kutoka.

"Nikipata udiwani, Waluguru wote na ndizi zenu nawarudisha Matombo. Mji mzima unanuka mikungu!"

Tulicheka mpaka wafiwa wakacheka. Kila mtu pale alijua ni utani.

Niliporudi, akina mama walikuwa wanawapima wagombea. Mama Asteria, mkubwa wao, alisema Mtani ndiye anayewajali. Sijui nini kilinipata. Nikasema Mtani ameahidi kuturudisha wote Matombo na ndizi zetu.

Mikono yote iliyokuwa ikipanga ndizi ikasimama.

"Umemsikia mwenyewe?" Mama Asteria akauliza.

"Kwa masikio yangu."

"Wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kaburini. Nikasema, "Mkutanoni."

Jamani, nilipewa kigoda! Tangu nizaliwe sijawahi kupishwa kigoda. Nikarudia maneno yale kwa kila aliyekuja, na kila nikirudia nikawa naongea vizuri zaidi.

Baada ya siku mbili Mtani alikuja kujieleza. Wakamgeuzia mgongo. Akaniona, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mtani wangu. Wewe ulikuwa na jembe mkononi. Waambie shangazi zako niliyasema wapi."

Nikainama kufunga mkungu ambao ulikuwa umeshafungwa.

"Mwache mtoto," shangazi akamwambia. "Usimtishe."

Alishindwa. Aliyeshinda hakumficha mtu, alikuwa akisema wazi kwamba barabara lazima iwe safi. Haukupita muda mrefu mgambo wakaja, tukahamishiwa uwanja wa mbali, hauna paa, pembeni ya mtaro ulioziba. Masika yakatukuta hapohapo. Wateja hawaji, ndizi zinaivia mikononi mwetu, na miguu ya shangazi imeota vidonda kwa kushinda kwenye maji.

"Heri yule Mtani alishindwa," huniambia asubuhi tukipanga ndizi. "Angetupeleka mbali zaidi."

Nami humjibu, "Ndiyo, shangazi."

Ndugu zangu, ukibeba maneno ya mgombea, beba na mahali alipoyasemea. Na kama umeshayapotosha, yanyooshe siku ileile, kabla mtu hajakutetea. Mimi nilisubiri. Sasa Mtani simwogopi tena. Namwogopa shangazi, kwa sababu ananiamini.