Mti Nilioukata Ijumaa

Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua pale Koboko, mjukuu wangu, na leo nitakusimulia ilivyokuwa kweli. Kesho asubuhi unaanza kazi kwenye lile ghorofa jipya la Arua, na sitaki upande kule juu ukiwa umebeba uongo wetu.

Wakati huo nilikuwa mke mpya, nimetoka kwetu Ayivu, hata vichochoro vya soko la Koboko sivijui. Aliyenipatia kazi ni shemeji yangu Candia, mdogo wa marehemu babu yako, huyuhuyu Babu Candia unayemjua. Alikuwa fundi wa matofali kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa ikijengwa karibu na soko, nami nikawa mpishi wa mafundi. Walikuwa tisa. Nawakumbuka wote: Candia, Rajabu, Wani, Lasu mrefu, Adriko na kaka yake Drani, Musa, Juma mkimya, na juu yao mzee Taban, ambaye hakuna aliyemwita Taban. Tulimwita Kopolo, maana alikuwa jeshini zamani na mgongo wake ulikuwa bado unakumbuka.

Majukwaa ya chuma hatukuyajua. Mafundi walisimama juu ya jukwaa la miti ya mkaratusi, imefungwa kwa kamba na kupigwa misumari, mbao zimelazwa juu. Kila asubuhi, na kila baada ya chakula, Kopolo alizunguka akishika mti mmoja mmoja na kuutikisa. Vijana walimcheka.

"Kopolo iko kagua gwaride!" Wani alipiga kelele. "Miti, geuka kulia!"

"Cheka tu," Kopolo alimjibu bila kugeuka. "Hapana mutu anapanda mpaka mimi namaliza."

Sasa, kila upande wa jukwaa palikuwa na mti mmoja uliokwenda mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Hakuna aliyeukanyaga, hakuna aliyeuwekea hata ndoo. Siku moja nilimuuliza Kopolo mti huo unafanya kazi gani. Akaupiga kofi, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake anayempenda.

"Huyu iko askari wa zamu. Hapana beba kitu. Iko simama tu, wengine wasilale."

Nikacheka, nikidhani ni maneno yake ya kijeshi.

Ijumaa hiyo mvua ilianza alfajiri, kuni zote zikalowa. Mchana Kopolo na Waislamu wenzake wakaenda msikitini. Wakabaki Candia, Lasu, Adriko na Drani, wamejilaza ndani juu ya mifuko ya saruji. Maharage yangu yalikuwa bado mawe. Nilipuliza moto mpaka macho yakavimba. Wiki hiyo nilikuwa nimechelewesha chakula mara mbili, na Rajabu alishaanza kusema kwamba mpishi huyu wa Ayivu anawapikia wageni wa kesho. Nikatazama huku na huku. Nyuma ya nyumba, ukuta ulipokinga mvua, askari wa zamu alikuwa amesimama mkavu kabisa.

Nikachukua panga. Nilimkata vipande vitatu, nikamwingiza chini ya sufuria, na moto uliwaka vizuri hata nikaimba.

Chakula kilipoiva mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Candia alikula wa kwanza, haraka haraka. Hakutaka kumsubiri Kopolo. Alitaka kumaliza mstari wake wa matofali kabla wengine hawajarudi, apate cha kuwatania. Akapanda upande wa nyuma.

Jukwaa likalia. Haikuwa kelele kubwa, ni mlio kama wa kiti kikuu mtu mzito anapokaa. Nikatazama juu, halafu nikatazama moto. Kipande cha mwisho cha yule mti kilikuwa bado kinafuka moshi. Nikaelewa yote.

Mwanangu, kosa langu liko hapo, haliko kwenye panga. Ningesema, "Shemeji, nimekata mti, shuka," angeshuka. Maneno manne tu. Badala yake nikaita:

"Shemeji, njoo nikuongeze maharage!"

"Nimeshiba! Unataka ninenepe jukwaa livunjike?"

"Basi shuka, mvua inarudi."

"Mvua ya wapi na jua hili? Leo una nini, shemeji? Umeanza kunipenda kuliko kaka yangu?"

Drani na Lasu wakacheka, na mimi nikacheka nao, unaamini? Nilikuwa naona aibu. Niliogopa kurudishwa Ayivu, niulizwe kule nimefanya nini. Nikawa natafuta uongo wa tatu, na kabla sijaupata Candia akainama kuchukua tofali, jukwaa likaenda upande kama mlevi, polepole kwanza, halafu ghafla.

Aliangukia lundo la mchanga, ndiyo maana yuko hai. Lakini mguu wa kulia ulitangulia, ukakuta matofali. Sitakueleza ulivyoonekana.

Kopolo alirudi akiwa bado na kanzu yake. Wenzake wakamlaza Candia juu ya mlango mpya, wakambeba hospitali. Kopolo akaenda nyuma ya nyumba, akaona kisiki cha mti kimebaki na misumari yake, akaja jikoni na kutazama majivu.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu saa gani?"

"Tangu alipopanda."

Akasema, "Kuni mimi nasamehe. Mvua ilinyesha, na wewe hapana jua kazi ya mti. Hata mimi iko na makosa, nilienda bila kuacha mutu wa kuangalia. Lakini ulijua, mdomo iko, na ukamwita kula maharage. Hiyo ndiyo ilivunja mguu yake."

Nilingoja anifukuze. Jumatatu akanisimamisha mbele ya wote, akachukua mkono wangu na kuuweka juu ya mti wa kwanza.

"Kuanzia leo huyu mama ndiye anatikisa. Mpaka yeye aseme panda, hapana mutu anapanda. Hata mimi."

Wani akaguna. "Sasa mpishi iko kamanda?"

"Ndiyo. Wewe unajua mutu mwingine hapa anaogopa hii miti kama yeye?"

Siku ya kwanza nilitikisa kila mti mara tatu kabla ya kusema panda. Baada ya wiki chache nilijua kila fundo. Na siku moja msimamizi wa mwenye nyumba akaja na haraka zake, akaamuru vijana wapande, wakati nimekuta kamba imelegea. Nikasema hapana. Akaniambia, "Mpishi, rudi kwenye sufuria yako." Wani, Wani yuleyule, akaketi kwenye mchanga na kukunja mikono. "Kamanda hajasema," akasema. Wote wakaketi. Kamba ikafungwa upya, ndipo wakapanda. Nyumba ile ilikwisha bila mtu mwingine kuanguka, na ukipita Koboko utaiona, bado imesimama.

Candia alitembea tena, lakini mguu ukabaki mfupi. Mlipokua ninyi mkamuuliza, naye akawaambia alipigwa teke na ng'ombe mkali wa Ludara. Mlicheka mpaka mkalala chini. Alibuni ng'ombe yule ili anifiche mimi, na mimi nikamwachia. Nikanyamaza mara ya pili juu ya mguu uleule.

Jana nilimwambia kwamba nitakueleza. Akatikisa kichwa. "Shemeji, ng'ombe yule alikuwa mzuri. Mbona unamchinja?"

Basi sikiliza. Kofia ngumu watakupa, uivae hata jua likikuchoma kichwa. Mkanda ufunge hata kama unapanda kwa dakika moja. Usiondoe kitu usichokijua kazi yake, kiwe mti, msumari au kipande cha kamba. Uliza kwanza, wakucheke. Tikisa kabla ya kukanyaga. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usitafute maneno mazuri. Sema nimefanya mimi, shukeni. Sema kwa sauti, mtu angali na miguu ya kushukia. Kazi ikipotea utapata nyingine. Mimi darasa la tatu tu ndipo nilipoishia, na kazi nilipata.

Kesho Babu Candia anataka kukusindikiza mpaka kwenye kituo cha bodaboda. Atakwenda polepole. Usimharakishe.

Mungu akupandishe na akushushe kila siku, mwanangu. Mdomo wako uwe mwepesi penye hatari, na miguu yako iwe na urefu mmoja mpaka uzee wako.